Mama Mwenye Nyumba Hana Kosa

Wasomi bado wanabishana kama ubepari ni mbovu tangu kuzaliwa au ni mzuri ila wajanja wanautumia vibaya. Wabishane tu, wengi wao wana kwao. Sisi tuliohama Tabata kwenda Kinyerezi hatuna muda wa nadharia. Tuna dalali.

Dalali anataka hela ya kuzungushwa kabla hujaona hata bati. Hairudi, hata akikupeleka kwenye choo kisicho na mlango. Njia nzima anakuita bosi. Bosi, hii inajitegemea luku. Bosi, hapa maji hayakatiki. Ukifika unaelewa: yatakatika vipi wakati bomba lenyewe halijafika? Ukikubali kuhamia, chake ni kodi ya mwezi mzima, na kazi yake imeishia hapo.

Chumba na sebule, 250,000 kwa mwezi. Nikatoa simu nilipe. Mama mwenye nyumba akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, hapa tunapokea miezi sita."

"Shikamoo tena, mama. Miezi mingapi?"

Piga hesabu. Milioni moja na nusu ya mama, 250,000 ya dalali, bado hujakodi kirikuu cha kuhamishia vitanda. Mwajiri wangu ananilipa mwisho wa mwezi, nikishamfanyia kazi. Mama analipwa miezi sita kabla sijalala hata usiku mmoja kwake. Pengo hilo katikati ndiko wanakoishi wale wakopeshaji tunaowaita kausha damu. Nikaenda kwao, nikakopa kwa riba ili nikamkopeshe mama bila riba. Ndiyo, kumkopesha, kwa sababu wiki ile ile lori la mchanga liliingia uani, ikafuata mifuko ya saruji, na sasa msingi wa vyumba vingine vitatu umeshapanda. Siku moja fundi aliniomba nimshikie kamba, nikaishika, nikiangalia kodi yangu ya mwezi wa nne ikimwagiwa maji na kukorogwa. Benki ya mama ni mimi, ila benki nyingine zina viyoyozi.

Nikalipeleka jambo hili kijiweni, kwenye kahawa. Kijana anayeuza kava za simu akanikatisha: huo si ubepari, huo ni ukabaila. Akasema hata Adam Smith, kwenye kile kitabu chake cha mwaka 1776, hakuwapenda kabisa wenye ardhi. Ubepari halisi, kwa maelezo yake, ungeleta nyumba nyingi, wenye nyumba wakashindana, kodi ikashuka. Nikamwuliza huo ubepari halisi uko mtaa gani, na dalali wake ni nani. Akasema tatizo ni watu, mfumo wenyewe hauna neno.

Hapo mzee mmoja, mstaafu wa shirika la umma lililokufa, akaweka kikombe chini. Ujamaa nao, akasema, haukuwa na neno. Tatizo lilikuwa watu.

Na kweli tulijaribu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 serikali ikachukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 (leo laki moja ni mlango, tena bila kitasa), yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Nadharia safi. Lakini wakatokea wapangaji waliopata vyumba vya umma kwa kodi ya chini, nao wakavipangisha kwa wenzao kwa kodi ya juu. Kabaila kaondolewa mlangoni, mpangaji kavaa kanzu yake. Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ikakaa Zanzibar, masharti yakalegezwa, na kiongozi akaruhusiwa kujenga na kupangisha mchana kweupe.

Kwa hiyo kila mfumo una wakili wake, na mawakili wote wanatoa utetezi mmoja. Ningeukubali kama ningempata huyo mtu mbaya. Nimemtafuta. Dalali aliniambia bei bila kupepesa macho, na alinitafutia kweli. Mama mwenye nyumba mtoto wetu alipougua alileta uji wa ulezi, akauliza hali asubuhi na jioni. Miezi sita anaitaka kwa sababu mpangaji aliyenitangulia aliondoka usiku na deni la miezi mitatu, na balbu zote. Fundi anajenga vizuri. Hata kausha damu alinisomea masharti yote, polepole, akarudia palipo na faini. Hakuna aliyevunja kanuni wala aliyedhulumu. Kila mtu ameutumia ubepari jinsi ulivyokusudiwa, kwa adabu na kwa salamu, na mimi ndiye ninayekula dagaa hadi Novemba. Kitu kikitumiwa sawasawa kisha kikauma hivi, sioni tunamlaumu nani kwa matumizi mabaya.

Nilimweleza mke wangu haya yote jioni ile, nikiwa na hasira, nikitaja mwaka 1967 mara nyingi kuliko alivyopenda. Akanisikiliza hadi mwisho huku akichambua mchele. Akasema nina akili sana, na kwamba kiwanja chetu cha Chanika tusijenge nyumba kubwa kwanza. Tuanze na vyumba viwili vya uani.

"Vya nini?"

"Vya kupangisha. Tutachukua ya mwaka mzima, wa miezi sita wanasumbua."