Jinsi ya Kuwapangisha Windows na Ubuntu Nyumba Moja

Diski ya kompyuta yako ni nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba ni wewe. Una wapangaji wawili: Windows, ambaye ofisi haimwachi kwa sababu programu ya hesabu inaishi kwake, na Ubuntu, wa bure, asiyeielemea mashine ya zamani. Kila mmoja amelelewa akiamini nyumba nzima ni yake. Wote wawili wanafaa, na wanaweza kukaa pamoja bila kurushiana vyombo.

Kabla hujagusa ukuta hata mmoja, nakili mafaili yako yote kwenye diski ya nje. Kama Windows amejifungia kwa BitLocker, andika karatasini ule ufunguo wa kumfungulia wenye tarakimu 48. Atauliza siku ambayo huna muda.

Aingie Windows kwanza. Huyu hapigi hodi: akikuta mtu ndani anajiweka mbele, na mlangoni hamtaji mwenzake. Ubuntu akija wa pili humkuta mwenyeji na kuwaandika wote wawili kwenye GRUB, ile orodha inayotokea ukiwasha mashine ili uchague nani aamke.

Ugomvi wenyewe uko kwenye saa. Ndani ya kompyuta kuna saa ndogo ya betri inayotembea hata mashine ikiwa imezimwa. Ubuntu huiweka kwenye saa ya dunia, UTC, halafu anajiongezea zile saa 3 za Afrika Mashariki. Windows huisoma ilivyo, akiamini ndiyo saa ya hapa. Basi unatoka kwa Ubuntu saa nne asubuhi, ukiingia kwa Windows unakuta ni saa moja, na kikao kimeshaanza. Mafundi wa Ulaya hukataza kumfuata Windows, kwa kuwa kwao saa husogezwa mara mbili kwa mwaka, na kila mpangaji anaweza kuisogeza kwa zamu yake. Sisi hatuna adha hiyo. Fungua terminali ya Ubuntu, andika timedatectl set-local-rtc 1, weka nywila, yamekwisha. Ukimuuliza saa kwa timedatectl peke yake atakupa onyo refu. Mwache anung'unike, saa itakuwa sahihi.

Halafu kuna kuzima. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukimwambia zima, hazimi sawasawa: hulaza kiini chake ndani ya diski ili kesho aamke haraka, na chumba anakiacha kimefungwa kwa ndani. Ubuntu akija kuchukua faili anaambiwa soma tu, usiandike. Pengine mlango haufunguki kabisa. Ingia mipangilio ya umeme ya Windows, ondoa alama kwenye Fast Startup. Atachelewa kidogo kuamka, na hilo ni nafuu kuliko faili kuharibika. Ukiwa na haraka, bonyeza Restart, maana yenyewe ndiyo inayozima kweli.

Uani wa pamoja, ile sehemu ya diski ya mafaili ya wote wawili, uwe wa NTFS, kwa sababu Windows hajui kuingia vyumba vya ext4 vya Ubuntu. exFAT wanaijua wote, ila haiweki kumbukumbu za kuokoa mambo umeme ukikatika ghafla, na wetu unakatika. Ibaki kwenye flashi. Chunga na majina: faili la “Ripoti: Mei?” Ubuntu analipokea, Windows analikataa kwa zile alama mbili. “Mkataba” na “mkataba” kwa Ubuntu ni mafaili mawili, kwa Windows ni moja.

Itafika siku, baada ya sasisho kubwa, orodha ya GRUB haitokei na Windows anafungua moja kwa moja. Usifomati chochote! Mara nyingi Ubuntu hajafukuzwa, amesukumwa nyuma ya foleni tu. Zima, washa tena huku ukibonyeza F2 au Delete, kutegemea mashine yako, tafuta mpangilio wa kuwaka, mrudishe ubuntu juu, hifadhi, utoke.