Kamati ya Ujenzi ya Cologne

Muumini mmoja wa Katesh amerudi kutoka Ujerumani na picha za Kanisa Kuu la Cologne, lile la Kigothiki lenye minara miwili ya mita 157. Anasifia mpaka mate yanamkauka. Kumbe ujenzi ulianza 1248, ukalala karibu miaka 300, ukakamilika 1880! Winchi la mbao lilikaa karibu karne nne juu ya mnara ambao haujakamilika, chini watu wanasali.

Huyu huyu ndiye kila Jumapili baada ya misa humbana mwenyekiti wa ujenzi wa kigango: “Mzee, bati zetu ziko wapi?” Na mahindi ya harambee hata hayajauzwa.

Mwenyekiti amezisikia habari hizo. Kikao kijacho atapendekeza tuwaige Wajerumani, hasa kwenye ratiba.