Mwongozo wa Kuweka Lifti Nyumbani Bila Kuuza Kiwanja cha Pili

Muulize muuza lifti, "Lifti ya nyumbani shilingi ngapi?" Atakutazama kama mwenyekiti wa kamati aliyeulizwa harusi ni shilingi ngapi. Harusi ya nani? Wageni wangapi? Ukumbi upi? Pilau au biriani? Lifti nayo haina bei mpaka useme itambeba nani, itasimama wapi na nyumba imeiandalia nini.

Mwongozo huu ni wa mwenye ghorofa la Goba, Mbezi, Nyali au Fumba ambaye mama yake amefika sebuleni, ameitazama ngazi ya marumaru inayong'aa, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nitalala hapahapa chini." Mama huyo amejengewa nyumba ambayo nusu yake hataiona. Lifti iliyopangwa kwenye ramani itamrudishia nusu hiyo kwa gharama inayohimilika. Iliyokumbukwa baada ya rangi kukauka itakula mpaka ada za watoto.

1. Mpime mama kabla ya kupima ukuta

Anza na magoti. Mama anayetembea kwa fimbo anahitaji nafasi ya watu wawili na kishikio imara ukutani. Mama wa kiti cha magurudumu anahitaji chumba cha takriban mita 1.1 kwa mita 1.4 na mlango usiopungua upana wa sentimita 80, aingie pamoja na anayemsukuma. Vinginevyo msaidizi atambonyezea kitufe, kisha akimbilie ngazi ili awahi kumpokea juu.

Lifti nyingi za nyumbani hubeba kati ya kilo 250 na 400. Kila unapoongeza ukubwa na uzito, unaongeza chuma, nguvu ya mota na upana wa shimo, na bei inapanda. Hata hivyo, usibane hapa. Fimbo ya leo huweza kuwa kiti cha magurudumu baada ya miaka michache, na lifti ambayo kiti hakiingii utalazimika kuinunua mara mbili.

2. Hesabu vituo, acha kuhesabu sifa

Lifti hutozwa kwa vituo. Kila kituo kina mlango wake, kufuli lake la usalama, kitufe cha kuitia, nyaya zake na kipande chake cha reli. Ukifuta kituo kimoja, umefuta vyote hivyo, pamoja na matengenezo yake ya miaka yote ijayo.

Kwa hiyo familia ikae kikao. Je, ni lazima lifti ifike mpaka juu ya paa, kwenye tangi la maji, dishi na viti vya plastiki vinavyokumbukwa Krismasi na Idi? Kama mama hana shughuli huko, lifti nayo haina shughuli huko.

Milango inayofunguka yenyewe ni ghali kuliko ya kuvuta kwa mkono, lakini kwa mtu mwenye fimbo mkono mmoja na kikombe mkono wa pili, ina thamani yake. Unapotaka kuingilia upande mmoja na kutokea upande wa pili, unanunua milango zaidi. Na milango ndiyo huleta sehemu kubwa ya hitilafu za lifti. Weka unayoihitaji tu.

3. Chagua namna ya kupanda

Hapa ndipo bei zinapoachana, na ndipo wauzaji wanapoongea haraka. Waombe wapunguze mwendo, kisha uwasikilize kwa mpangilio huu.

Lifti ya haidroliki husukumwa na mafuta yanayoingizwa kwenye silinda kwa pampu. Kushuka kwake ni kwa uzito wake yenyewe, kwa hiyo umeme mwingi hutumika wakati wa kupanda tu. Inahitaji mahali pa kuweka pampu na tangi la mafuta.

Lifti ya kamba huvutwa na mota ikisaidiwa na uzani wa kusawazisha upande wa pili. Ni tulivu na ina kasi, lakini kwa kawaida hudai shimo refu zaidi chini na nafasi kubwa zaidi juu.

Lifti ya skrubu hupanda kwenye mhimili wenye hesi, nayo mara nyingi huja na kuta zake kutoka kiwandani. Baadhi huhitaji shimo la sentimita tano tu. Kasi ya lifti za jukwaa za aina hii, kwa kanuni za Ulaya, haizidi mita 0.15 kwa sekunde. Ghorofa lenye kimo cha mita tatu litapandwa kwa sekunde 20, na mama mwenye miaka 78 hana basi la kuwahi.

Ipo pia lifti ya hewa: bomba kubwa linaloonyesha ndani, ambamo tofauti ya mgandamizo wa hewa hukiinua chumba. Haihitaji shimo, lakini nyingi ni nyembamba mno kwa kiti cha magurudumu. Ukiipenda kwa umbo lake, rudi kwanza hatua ya kwanza.

4. Chimba mapema, kata mapema

Gharama kubwa ambayo muuza lifti haitaji ni ya ujenzi, kwa sababu haiingii mfukoni mwake. Lifti ya kamba ya kawaida inaweza kutaka shimo la zaidi ya mita moja chini ya sakafu. Pale ambapo maji ya ardhini yako karibu, kama sehemu nyingi za pwani ya Dar es Salaam, shimo hilo lisipojengwa kwa zege lenye kinga ya maji litageuka kisima. Kisima ndani ya nyumba kingependeza, kama kisingekuwa na nyaya za umeme.

Juu nako pana hesabu. Chumba kikifika kituo cha mwisho kinahitaji nafasi ya ziada kichwani, na dari likiwa fupi paa linafumuliwa.

Kisha ipo slabu. Kuacha tundu wakati nondo zinafungwa ni kazi ya mbao za kuzuia zege na maelekezo ya mhandisi. Kukata tundu hilo miaka mitano baadaye ni mashine ya kukatia zege, mihimili mipya ya kubeba mzigo uliokatwa, vumbi kwenye makochi na mhandisi yuleyule akiwa na bei mpya. Usimruhusu fundi akate slabu kwa kukadiria kwa macho. Mhimili ukiwa umepita hapo, unachokata ni mgongo wa nyumba.

5. Uliza nyumba inakula umeme gani

Lifti nyingi ndogo hutumia umeme wa kawaida wa volti 230. Nyingine zinataka fezi tatu, yaani volti 400, na kama nyumba haina, ongeza gharama ya kuunganishwa upya na shirika la umeme kama Tanesco. Uliza hili kabla ya kulipa arubuni.

Umeme ukikatika mama akiwa katikati ya ghorofa, kinachohitajika ni betri ya dharura itakayokishusha chumba mpaka kituo cha karibu na kufungua mlango. Andika kwenye mkataba kwamba ipo, na ijaribiwe mbele yako kwa kuzima swichi kuu. Jenereta nayo ipimwe na fundi umeme, kwa kuwa mota inapoanza huvuta umeme mwingi kuliko inapoendelea.

6. Mnunulie mama lifti, jirani atajinunulia yake

Beit al-Ajaib la Zanzibar, lililojengwa mwaka 1883 enzi za Sultani Barghash, linatajwa kuwa jengo la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Hilo lilikuwa kasri, na kuwashangaza watu ilikuwa sehemu ya kazi yake. Lifti ya nyumbani kazi yake ni kumfikisha mama kitandani.

Vioo pande zote, taa za rangi na sakafu ya marumaru hupandisha bei haraka, na marumaru huongeza uzito ambao mota itaubeba kila siku. Vioo vinavyotazama jua la saa tisa alasiri vitataka feni au kiyoyozi. Kama una pesa ya kurembesha na unaishi karibu na bahari, ipeleke kwenye chuma: chuma cha pua cha daraja la 316 hustahimili hewa ya chumvi kuliko cha 304. Jirani hatakiona, ila mlango utaendelea kufunguka.

7. Omba bei kwa maandishi, isome yote

Omba proforma kwa wauzaji watatu kwa vipimo vilevile, vituo vilevile na milango ileile. Kisha tafuta kilichoachwa: usafiri wa meli, ushuru, gharama za bandarini, kupakua, kufunga, kujaribu na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Lifti ya dola 20,000 inaongezewa dola 3,600 kwa kodi hiyo pekee.

Tangu Machi 2025 kanuni za Tanzania zinakataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, kwa hiyo bei iandikwe kwa shilingi. Lakini kiwanda kinalipwa kwa dola au yuro. Dola ikipanda shilingi 100, lifti ya dola 20,000 imepanda shilingi milioni mbili kabla haijatoka kiwandani. Mkubaliane ni nani atabeba tofauti hiyo.

Punguza mapambo, punguza vituo, punguza kasi. Breki usiziguse. Mwaka 1854 huko New York, Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa lililoinuliwa mbele ya umati, akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa lilishuka kidogo, likanaswa na kifaa chake cha usalama. Kifaa hicho ndicho kilichowafanya watu waiamini lifti, na kimo hadi leo katika lifti za kamba. Muuzaji akitoa punguzo kwa kuacha kifaa cha usalama, aondoke na punguzo lake.

8. Tenga pesa ya baada ya kukata utepe

Lifti inahitaji fundi wake kila baada ya miezi michache: kulainisha reli, kurekebisha milango, kukagua kamba au mafuta, kujaribu breki. Uliza mambo matatu kabla ya kusaini: mkataba wa matengenezo ni kiasi gani kwa mwaka, vipuri viko nchini au vinasubiri meli, na je, fundi mwingine ataweza kuifungua programu ya mtambo au ina nywila ya muuzaji pekee? Jibu la swali la tatu likiwa baya, bei ndogo ya leo utailipa kidogokidogo kwa miaka kumi.

9. Kama pesa haijatosha

Usiwaze kujenga rampu ya kwenda ghorofani. Kwa mwinuko salama wa 1 kwa 12, kupanda mita tatu kunataka mita 36 za rampu, ndefu kuliko viwanja vya wengi wetu. Ila kwa kizingiti cha sentimita 30 mlangoni, mita 3.6 zinatosha, na mama ataingia bila kubebwa. Weka chini chumba kizuri chenye bafu lake na mlango mpana, kiwe chumba chenye hadhi, kisiwe stoo iliyopakwa rangi.

Na kama bado unajenga, mwambie mchora ramani apange makabati mawili, moja juu ya jingine, yatakayogeuzwa njia ya lifti baadaye, yenye nafasi ya takriban mita 1.6 kwa 1.8, slabu ya hapo iachwe tundu lililozibwa kwa mbao, na waya wa umeme ufikishwe. Hizo ni chini ya mita tatu za mraba, na leo zinalipiwa kwa kalamu. Zege likishamwagwa, zitalipiwa kwa nyundo.