Kalkuleta Inayotaka Kusaidiwa

Kalkuleta hii haijui duara. Nalisema mapema ili mtu asije akanipongeza tena pale sokoni Base Camp kwa kuwa na mtoto mwenye "kompyuta ya hesabu". Imetoka Marekani kwa shemeji yangu, aliyepanda ndege ya IOM, shirika la uhamiaji, akatuacha hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na ahadi. Ukimsikia kwenye simu utadhani ametutumia profesa mzima. Inachora grafu! Mpwa wangu anasoma kidato cha tano (S.5) Mbarara, na wameingia kwenye mikato ya koni: duara, parabola, duaradufu, hiperbola. Likizo ilipofika tukaketi naye tuichokoze.

Mlinganyo wa duara anaujua kila mtoto wa darasa lake: x² + y² = 25. Haya, uandike. Hakuna pa kuuandika. Mashine inakupa mstari unaoanza na "Y=", basi; y ikae peke yake, mengine utajua mwenyewe. Kwa hiyo wewe ndiye unayehamisha x², wewe unatafuta kipeuo cha pili, wewe unakumbuka kwamba kipeuo kina chanya na hasi, halafu unaandika nusu ya juu ya duara kwenye mstari wa kwanza na nusu ya chini kwenye wa pili. Ukishamaliza kazi yote, yenyewe inachora. Nimewahi kupanga foleni kwenye ofisi moja ambako ili upewe karatasi ulitakiwa kwanza uonyeshe karatasi hiyohiyo. Sikujua ujuzi huo umeshafika viwandani.

Na hiyo nusu ya chini ina mtego wake. Kuna kitufe cha kutoa na kuna kitufe cha hasi, alama zake zinafanana kama watoto pacha. Ukianza mstari na kile cha kutoa, inakuambia umekosea.

Duara lenyewe lilipotokea, mpwa wangu akanitazama. "Mjomba, hii si duaradufu?" Lilikuwa limebonyea. Dirisha la mashine linaanza hasi 10 hadi 10 pande zote, lakini kioo ni kipana kuliko kilivyo kirefu, kwa hiyo kila duara linazaliwa limekaliwa. Iko amri ya kusawazisha dirisha, imefichwa ndani ya menyu. Juu ya hayo, nusu mbili hazikugusana. Kulia na kushoto, karibu na 5 na hasi 5, pana mwanya, kwa sababu mashine inaruka kutoka safu moja ya nukta hadi nyingine, na 5 yetu imeangukia katikati ya safu mbili. Casio walitoa kalkuleta ya kwanza ya kuchora grafu mwaka 1985, fx-7000G, yenye kioo cha nukta 96 kwa 64. Hii yetu si ya Casio, tena ni ya juzi tu. Nukta zake? 96 kwa 64.

Kijana wa boda jirani yetu ana simu iliyopasuka kioo. Mpwa wangu akaiazima, akafungua GeoGebra, programu ya bure aliyoianzisha Markus Hohenwarter huko Austria mwaka 2001, akaandika x²/25 + y²/9 = 1 vilevile ilivyo. Duaradufu ikatoka nzima, bila mwanya.

Lakini simu haiingii kwenye mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa. Na kalkuleta je? Maelekezo yao yanataka kalkuleta ya kisayansi isiyotoa sauti na isiyopokea programu. Yetu kwa ukimya haina mpinzani. Programu, inapokea. Siku ya mtihani itabaki nyumbani na mimi.

Wiki hiyohiyo ya likizo nilikuwa na fundi seremala anayenitengenezea meza, na nilitaka isiwe na kona. Akapigilia misumari miwili kwenye ubao, sentimeta 80 kati yake, akafunga huku na huku uzi wa sentimeta 100, akauvuta kwa penseli na kuzunguka. Mpwa wangu akaruka: 25 toa 9 ni 16, kipeuo chake 4, misumari imekaa kwenye 4 na hasi 4! Ulikuwa mlinganyo wake uleule, kila kizio kikiwa sentimeta 10. Meza ikapimwa: 100 kwa 60.

"Mzee, niazime hiyo mashine nipige hesabu ya mbao," fundi akasema. Kujumlisha kumbe inaweza. Ikafika kwenye vanishi ikazima, na betri zake nne nyembamba nimezikosa Base Camp yote, mpaka mtu aende Mbarara. Fundi akamalizia kwa penseli juu ya ubao, na jumla ikatoka kubwa kuliko nilivyojiandaa. Nikamwomba mpwa wangu aikague.

Fundi hakukosea hata shilingi.