Sifa za Papasi wa Forodhani

Karafuu imesifiwa, jahazi limesifiwa, na milango ya nakshi ya Mji Mkongwe wa Zanzibar imepigwa picha mpaka imechoka. Papasi, yule anayewadaka watalii njiani na kuwatembeza bila kitambulisho, peke yake ndiye husemwa vibaya, tena na walewale aliowatembeza usiku kucha. Watu walimpa jina la mdudu mnyonya damu wakadhani wamemaliza kazi. Leo tumtendee haki.

Tuanze na saa zake za kazi. Ofisi zinafungwa alasiri, na mtembezaji mwenye kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii jua likizama keshafika nyumbani anatazama mpira. Mgeni anabaki mtaani Shangani na usiku mzima asiojua aufanyeje. Nani anamjali? Papasi hana zamu, hana likizo, wala haugui. Umeme wa kutoka bara ulipokatika kisiwani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, wenye hoteli walilia na gharama za jenereta. Yeye aliingia kazini kama kawaida. Mgeni asiyeona njia ndiye hasa wa kushikwa mkono.

Elimu yake nayo isidharauliwe. Kiitaliano amekipata kwa Waitaliano wenyewe, bila ada wala cheti. Mwaka 2020 na 2021, nchi nyingi zilipojifungia kwa sababu ya korona, ndege zilileta Warusi kwa wingi Unguja, na haukupita muda papasi akawa anawasalimu kwa lugha yao, anawauliza wametoka mji gani na kuapa kuwa ana rafiki hukohuko. Yeye mwenyewe ni mwalimu pia. Taasisi ya lugha ya TAKILUKI iliwafundisha wageni Kiswahili kwa miaka mingi, kwa madaftari na mitihani. Papasi hufundisha neno moja tu, “hapana”, na sijaona mgeni aliyelisahau.

Katika historia hana mpinzani. Kwamba Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946 akiitwa Farrokh Bulsara, hilo linajulikana. Aliishi nyumba ipi, hapo watu wanabishana. Papasi hana ubishi: anakuonyesha nyumba iliyo karibu na pale alipokudaka, na akiona viatu vyako si vya kutembelea, Freddie atazaliwa karibu zaidi.

Ukimwuliza njia, ndipo utajua ukarimu wake. Ramani ya simu imeshachanganyikiwa kati ya kuta ndefu za vichochoro, na hoteli unayoitafuta iko nyuma ya ukuta uliouegemea. Papasi hatakuvunjia heshima kwa kukufikisha upesi hivyo. Mtapita Gizenga kwenye maduka ya vinyago na michoro ya tingatinga (mawili ni ya binamu zake), mtatokea Jaws Corner ambako wazee wanapiga dhumna bila kuinua macho, mtazunguka Hurumzi, na mtakapofika utakuwa umeuona mji. Njiani atakwambia baa ipi ya Shangani bado ina watu, na mwezi ukikaribia kuwa mpevu atakupangia gari la kwenda kucheza ufukweni Kendwa. Mwanamke anayetembea peke yake hupata posa kabla ya kona ya pili, huduma ambayo kwao huenda aliisubiri miaka.

Lakini ufalme wake hasa ni Forodhani baada ya magharibi. Bustani ilikarabatiwa na taasisi ya Aga Khan ikafunguliwa upya mwaka 2009, njia zikanyooshwa na taa zikawekwa, na papasi akaipokea kama iliyojengwa kwa ajili yake. Hukuonyesha ngisi, pweza, mishkaki, urojo, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, na ile piza ya Zanzibar, chapati iliyokunjwa na kima na yai ndani, ambayo Mwitaliano huitazama kwa huzuni kisha akaagiza ya pili. Sahani yako inajaa kabla bei haijatajwa. Bei inapotajwa, papasi yuko pembeni, anashangaa pamoja nawe. Fungu lake atalifuata ukishaondoka.

Hapo ndipo watu wanapomshika: anakula cha juu! Ni kweli anakula. Na ile mitandao ya kukatia vyumba vya hoteli, inakula nini? Hukata asilimia 15 na zaidi ya pesa ya chumba, imekaa ng'ambo, wala haijawahi kukusindikiza hadi mlangoni. Hiyo tunaiita biashara, tukikutana na wakubwa wake tunawapa viti vya mbele. Papasi hukata chake kwa miguu yake mwenyewe, jasho linamtoka, na bado anapata nguvu ya kukuhakikishia kwamba yeye si kama wale wengine. Dhambi yake kubwa ni kwamba hana meza.

Kwa hiyo, msomaji, ukishuka boti pale Malindi usikimbie wala usijifanye kiziwi, hiyo wameizoea. Chagua mmoja mapema, patana naye bei kabla ya hatua ya kwanza, mlipe mwisho wa safari. Wenzake wakiona umeshapata mwenyewe, hawatakugusa usiku kucha.