Kirikuu Inayoimba

Kirikuu yangu kazi yake ni kuhamisha wapangaji, na mpangaji anayehama huwa ana haraka, hasa akiwa anadaiwa kodi. Giaboksi ilipokufa sikuwa na muda wa kuomboleza. Nikaenda kwa wauza spea wa Gerezani, nikaonyeshwa giaboksi ya mtumba iliyotoka Japani “juzi tu”, nikaizungusha shafti kwa mkono huku nimekunja uso ili muuzaji ajue hadanganyi mtoto, nikalipa. Fundi akaifunga. Haukupita muda gari likaanza kuimba.

Beringi zina lugha yake. Gari limesimama, gia huru, injini inaunguruma na kelele ipo, lakini ukikanyaga klachi inanyamaza: hiyo ni beringi ya mbele ya giaboksi, ile inayobeba shafti inayoingia kwenye klachi. Kelele ikianza pale mguu unapoikandamiza pedali, mtuhumiwa ni beringi ya klachi. Ikilia gari likiwa kwenye gia na klachi imezama mpaka chini, mtafute yule mdogo aliyejificha katikati ya flaiwili kushika ncha ya shafti, maana hapo flaiwili inazunguka na shafti imetulia.

Yangu ilikuwa ya kunyamaza ukikanyaga klachi, na hilo likamfurahisha sana dereva wangu. Siku tuliyohamisha makochi ya mama mkwe, mama akakaa mbele kama heshima inavyotaka, nami nikajibana katikati. Kwenye mataa ya Buguruni gari likaanza wimbo wake.

“Baba, hili gari linaumwa?”

“Hapana mama, ni baridi tu, bado halijachemka.”

Ilikuwa saa saba mchana na jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni. Dereva akaniokoa: akakanyaga klachi, kimya. Kuanzia hapo kila tuliposimama aliikanyaga kwa nguvu zote, mpaka mama mkwe akamsifu kwa utulivu. Kumbe klachi ikikanyagwa muda wote hivyo, beringi ya klachi nayo inazunguka ikiwa imebanwa muda wote. Tulipofika Kimara zilikuwa zinaimba mbili, kwa zamu.

Fundi akabadilisha. Akasema zile zilizotoka ni feki, na kweli feki zimejaa mjini. Beringi ya namba 6203, kwa mfano, popote duniani shimo lake ni milimita 17, kipenyo cha nje 40, unene 12. Feki nayo ina vipimo hivyo hivyo na namba iliyochongwa vizuri kuliko ya halali. Halafu kuna herufi za mwisho ambazo wauza spea wengi huziona mapambo. C3 maana yake gololi zimeachiwa nafasi zaidi ya kawaida, kwa sababu vyuma vikipata moto hutanuka na kubanana. Fundi anayelinganisha beringi kwa kuziweka kiganjani, moja huku moja kule, hiyo nafasi hawezi kuiona.

Nikanunua halali, tena ya bei ya kutia uchungu. Nayo ikaimba.

Fundi akahamia kwa dereva, kwamba anapumzisha mguu kwenye klachi. Dereva akamtupia lawama mwenye barabara. Jirani yangu, ambaye hana gari, akatoa uchunguzi wake: hapa kuna chuma ulete, kila unachopata kinaingia kwenye spea, twende kwa mtaalamu.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba mateso haya yana historia. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na kiwanda cha nguo huko Gothenburg, Uswidi, kilichojengwa juu ya udongo laini wa mfinyanzi. Ardhi ikititia, shafti za mitambo zinatoka kwenye mstari, na beringi zinakufa ovyo. Mhandisi wa kiwanda, Sven Wingquist, akabuni beringi yenye safu mbili za gololi, inayojiweka sawa yenyewe shafti ikienda upande, na mwaka 1907 ikaanzishwa kampuni ya SKF. Bahati yake hakuwa na jirani kama wangu.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja mstaafu wa karakana ya reli. Sikio hakulitega hata kidogo, alitaka marehemu. Nikampa beringi iliyotoka. Akaipasua kwa grainda, akafuta grisi kwa kanga kuukuu, akanionyesha ndani ya pete ya nje: njia iliyopitwa na gololi haikwenda sambamba na ukingo, ilikuwa imepanda upande mmoja na kushuka upande wa pili.

“Hii haikuchakaa, mwanangu. Imenyongwa.”

Giaboksi ikateremshwa. Akapitisha kidole kwenye matundu ya nyumba ya klachi, akauliza ziko wapi pini. Ni pini mbili fupi za chuma zinazokaa kati ya injini na giaboksi, na ndizo zinazoziweka katikati. Bolti zinabana tu. Pini zisipokuwepo, giaboksi inakaa popote ilipopenda, na hapo kosa la sehemu chache za kumi za milimita linatosha kuua beringi. Za kwangu zilibaki kwenye giaboksi ya zamani, niliyoiuza chuma chakavu. Bodi lake ni la alumini, kwa hiyo huenda sasa ni sufuria na linapika ubwabwa wa watu.

Mzee akachongesha pini mpya, akasafisha nyuso zote mbili, akazuia giaboksi isining'inie kwenye shafti wakati wa kuifunga, kwa jeki na si kwa kifua cha saidia fundi. Kirikuu ikanyamaza.

Nikampelekea fundi wa kwanza pini moja ya akiba, aione. Akacheka, akavuta kopo la maziwa kutoka chini ya meza na kulimwaga.

“Bosi, kumbe ni hizi? Si ungesema! Ninazo tele. Hizi za Hiace, hizi za Hilux, hii sijui ya nani. Huwa zinabaki.”

Getini Hiace nyeupe ilikuwa inaingia, inaimba kwa sauti ya juu. Fundi akainua kichwa, akasikiliza kwa makini.

“Hiyo ni beringi,” akasema.