Elimu ya Farasi wa Mia kwa Moja

Mheshimiwa Mwenyekiti, mabibi na mabwana, ndugu zangu wapenzi wa mikeka, na nyinyi wengine mlioingia humu kukwepa jua: itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa niseme machache. Ombi hilo nimelikataa. Machache husemwa na wenye machache, na mimi, kama tangazo la mlangoni lilivyoeleza kwa wino mwekundu nilioununua kwa fedha zangu, ni Daktari wa Falsafa katika Farasi Waliokatiwa Tamaa. Shahada hiyo nilijitunukia mwenyewe, baada ya kukosekana mtu mwenye sifa za kunitahini.

Sijawahi kupanda farasi. Natamka hilo kwa fahari. Aliyepanda farasi huona masikio mawili na matope. Mimi nimeona mbio nzima, kwenye runinga, nikiwa nimekaa. Mafunzo yangu ya vitendo niliyapata Lamu kwenye mashindano ya punda, ambako nilitabiri, mbele ya mashahidi, kwamba kuna punda atasimama katikati ya njia na kukataa kuendelea. Wangapi humu ndani wana rekodi ya namna hiyo? Nilijua. Mikono ishuke.

Somo letu ni Grand National, mbio za farasi za kuruka viunzi zinazofanyika kwa kawaida kila Aprili katika uwanja wa Aintree, kandokando ya jiji la Liverpool, Uingereza. Farasi hukimbia karibu kilomita 7 na kuruka viunzi 30, huku amebeba binadamu mwenye mawazo yake kuhusu mwendo. Viunzi vimevishwa matawi ya misonobari. Kimoja, The Chair, kinazidi mita moja na nusu kwenda juu. Kingine kinaitwa Becher's Brook, kwa heshima ya Kapteni Martin Becher, ambaye mwaka 1839 alitumbukia kwenye kijito cha hapo. Hebu litafakarini hilo. Mshindi wa mwaka ule ni farasi aitwaye Lottery, na hakuna kiunzi chenye jina lake. Aliyetumbukia ndiye anayetajwa mpaka leo. Hapo ndipo fani yangu ilipozaliwa, japo mimi mwenyewe nilikuwa bado.

Kwa faida ya wageni: farasi akipewa odi ya mia kwa moja, ukiweka shilingi 1,000 naye akashinda, unalipwa 100,000 na elfu yako unarudishiwa. Asiposhinda, unarudi nyumbani kwa miguu. Ni njia ya adabu ya kampuni za kubeti kusema kwamba mnyama huyu amekuja kutalii. Tangu 1839 farasi watano wa bei hiyo wameshinda: Tipperary Tim mwaka 1928, Gregalach 1929, Caughoo 1947, Foinavon 1967 na Mon Mome 2009. Kuna kijana pale nyuma anauliza ni wangapi wa bei hiyohiyo walioshindwa. Swali la kitoto. Mwanasayansi huchunguza waliofaulu. Walioshindwa hawana la kutufundisha. Wangekuwa nalo, wangeshinda.

Tumchukue Foinavon, ambaye mimi humwita mwalimu wangu ingawa hatukuwahi kuonana. Tarehe 8 Aprili 1967 waliingia uwanjani farasi 44. Foinavon alithaminiwa kiasi kwamba mmiliki wake hakuja, na mkufunzi wake, John Kempton, alikuwa kwenye mbio nyingine huko Worcester. Mgongoni alikuwa na mpandaji wake, John Buckingham. Rafiki mkubwa wa Foinavon alikuwa mbuzi mweupe aitwaye Susie. Wachambuzi uchwara hawamtaji mbuzi. Mimi namtaja, na kwenye kitabu changu kijacho nimemtengea sura mbili.

Sasa sikilizeni kwa makini, na wewe wa karanga, acha kutafuna. Raundi ya pili, kiunzi cha 23. Si kirefu, ni miongoni mwa vifupi vya uwanja ule. Mbele wanatimua mbio mashujaa wote, pamoja na farasi anayeitwa Popham Down, ambaye amemtupa mpandaji wake tangu kiunzi cha kwanza na sasa anakimbia kwa starehe zake, hana anayemwamuru. Anafika pale, anakitazama kiunzi, anaghairi. Badala ya kuruka anageuka na kukatiza mbele yake, kushoto kwenda kulia, mbele ya wenzake wote. Wa kwanza anasimama ghafla, wa pili anamparamia, wa tatu anamrusha mtu wake upande wa pili wa kiunzi huku yeye mwenyewe akibaki upande huu. Wapanda farasi wamo kwenye matawi. Farasi wengine wanarudi walikotoka kutafuta nafasi ya kujaribu upya. Watu wazima wanakimbizana na hatamu.

Na Foinavon? Foinavon alikuwa bado hajafika.

Ngojeni kidogo, nifute miwani. Hapa huwa nalengwa na machozi. Alikuwa nyuma sana, hivyo Buckingham aliiona vurugu yote mapema, akatafuta upenyo pembeni, akaruka, akaenda zake. Alipogeuka nyuma hakukuwa na mtu. Honey End, farasi aliyependwa na wengi siku hiyo, alifanikiwa kuvuka baadaye na kumfukuza kwa nguvu zake zote, akaambulia nafasi ya pili, akiwa nyuma kwa urefu wa farasi 15. Kiunzi hicho leo kinaitwa Foinavon.

Wajinga waliita bahati. Mimi naita nafasi ya kimkakati. Wahenga walisema kutangulia si kufika, na hawakuwa wamefika Aintree. Naam, mzee wangu? Mnasemaje? Kwamba wahenga haohao walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako? Shikamoo mzee. Methali hiyo inahusu ndoa. Tuendelee.

Kigezo changu cha pili ni hali ya afya, ambayo lazima iwe mbaya. Tipperary Tim alikuwa na tatizo la pumzi, akatobolewa koo na kuwekewa mrija wa kupumulia. Farasi wa namna hiyo mtu wa kawaida angemhurumia. Mimi ningemwekea dau. Walianza 42 katika ukungu na utelezi, na kwenye kona iitwayo Canal Turn, farasi Easter Hero alinasa juu ya kiunzi chenye mtaro akaziba njia kama daladala iliyokufa katikati ya makutano. Kundi kubwa likaishia hapo. Waliosalia waliendelea kupukutika mmoja mmoja mpaka kiunzi cha mwisho wakabaki wawili wenye wapandaji, Tipperary Tim na Billy Barton wa Marekani. Billy Barton akaanguka. Akapandwa tena, akamaliza wa pili, na huo ndio ukawa mwisho wa orodha ya waliomaliza. Inasimuliwa kwamba kabla ya mbio rafiki mmoja alimtania mpandaji wa Tim kuwa atashinda iwapo tu wengine wote wataanguka. Jamaa huyo hakuwa na shahada, lakini ningempa nafasi ya utafiti chini yangu.

Mpandaji mwenyewe, William Dutton, alikuwa mwanasheria, si mpanda farasi wa kulipwa. Ndipo tunapata kigezo cha tatu: tafuta farasi ambaye mtu aliye mgongoni pake ana kazi nyingine ya kumwingizia riziki. Mwaka 2022 Sam Waley-Cohen, mfanyabiashara wa kliniki za meno mwenye umri wa miaka 39, alitangaza kwamba hii ndiyo mara yake ya mwisho kupanda mashindanoni, kisha akashinda na Noble Yeats kwa odi ya hamsini kwa moja. Farasi alikuwa na miaka 7, na wa umri huo hakuwa ameshinda tangu 1940. Mwaka 2025 akaja Patrick Mullins, naye wa ridhaa, akashinda na Nick Rockett kwa thelathini na tatu kwa moja. Baba yake, mkufunzi Willie Mullins, aliyeshinda karibu kila kitu duniani, akalia mbele ya kamera. Natoa ushauri wa bure kwa wapanda farasi wa kulipwa: fungueni duka.

Kigezo cha nne ni ukungu. Caughoo alinunuliwa kwa pauni 50, akafanyiwa mazoezi kwenye mchanga wa ufukweni karibu na Dublin, na mwaka 1947 alitokeza kutoka ndani ya ukungu mzito akiwa peke yake, akiwaacha wenzake mbali. Walikuwa wameanza 57. Kukazuka maneno kwamba Eddie Dempsey, mpandaji wake, alijificha ndani ya ukungu raundi nzima akawasubiri wenzake wazunguke. Mpanda farasi mwenzake alimshutumu hadharani, na shauri likafika mahakamani. Picha zilikuja kuonyesha Caughoo akiruka Becher's Brook mara mbili, kama sheria inavyotaka. Kwa hiyo alishinda kihalali, na mimi kama mtaalamu nimesikitika kidogo, kwa sababu nadharia ya kujificha nilikuwa nimeshaichorea ramani.

Gregalach na Mon Mome sitawachambua. Nimepitia ushahidi wote, na inaelekea walishinda kwa sababu walikimbia vizuri kuliko wengine, jambo lililo nje ya fani yangu.

Mtaniuliza: Profesa, vipi kuhusu wanaopewa nafasi kubwa? Naogopa hata kuwataja. Mwaka 1956 Devon Loch, farasi wa Mama Malkia, alikuwa ameshavuka viunzi vyote, yuko mbele peke yake, zimebaki mita chache mwenye farasi apigiwe vigelegele, mara akaruka hewani bila kiunzi na kulala kifudifudi kwenye majani. Wengine wanasema aliona kivuli. Wengine wanasema kelele za watu, au misuli ilibana. Mpandaji wake, Dick Francis, hakupata jibu, akaishia kuwa mwandishi wa riwaya za uhalifu. Jibu ninalo mimi: hakuna anayeweza kubeba matumaini ya watu wengi kiasi hicho kwa kilomita saba. Farasi wangu hawajawahi kubeba matumaini ya mtu zaidi ya mmoja.

Na kama mnataka kilele cha elimu hii, kipo mwaka 1993. Kamba ya kuanzia iliwanasa wapanda farasi, mbio zikaamriwa kusimama, lakini walio wengi hawakuona ishara wakaendelea kutimka. Farasi Esha Ness wa hamsini kwa moja aliwashinda wote, akafika mwisho, na mpandaji wake akaambiwa kwamba hakukuwa na mbio. Matokeo yalifutwa. Fedha zikarudishwa. Fikirini uzito wa jambo hilo: mnyonge ameshika namba moja katika mbio zisizokuwepo. Ningekuwa na mamlaka, ningejenga sanamu yake pale pale kwenye kamba.

Sasa nageukia masikitiko. Waandaaji wa Aintree wameamua kuua taaluma. Mwaka 2013 mbao zilizokuwa ndani ya viunzi zilibadilishwa kwa plastiki inayonyumbulika. Mwaka 2024 idadi ya juu ya farasi ilishushwa kutoka 40 hadi 34, na kiunzi cha kwanza kikasogezwa karibu na mahali pa kuanzia ili wasikifikie kwa kasi ya kupita kiasi. Wanasema ni kwa sababu farasi wamekuwa wakifa. Ni kweli wamekuwa wakifa, na katika hilo hata mimi nashusha sauti. Lakini mwaka huohuo, kwa mujibu wa matokeo rasmi, hakuna farasi hata mmoja aliyeanguka. Wanne waliwapoteza wapandaji wao, akiwemo Corach Rambler, bingwa mtetezi, aliyemwaga wake kwenye kiunzi cha kwanza kabla watu hawajamaliza kuketi. Waliofika mwisho walikuwa 21! Akashinda I Am Maximus, mmoja wa waliopewa nafasi kubwa kabisa, kwa sababu alikuwa na kasi, nguvu na mpandaji mzuri. Msomi aliyejenga maisha yake juu ya kuanguka kwa wengine atakula wapi?

Mwisho, upande wa vitendo. Chagueni farasi aliye nyuma, mgonjwa kidogo, aliyepandwa na mtu mwenye ofisi, anayependwa na mbuzi, siku ya ukungu. Orodha yangu ya mwaka huu ina majina manane. Naona mnauliza kwa nini manane na mshindi ni mmoja. Huo ndio ujuzi wenyewe. Orodha ni shilingi 5,000, inalipwa kabla ya mbio. Baada ya mbio huwa sipatikani kwa simu, kutokana na kazi za uandishi. Na wale mliobeti kwa orodha yangu ya mwaka jana, naomba sana, tena kwa heshima, mtumie mlango wa mbele. Wa nyuma natumia mimi, na sasa hivi.